Mistari Myekundu kwenye Lebo ya Zuhura

Thika, jioni ya kuamkia safari yako

Wairimu, mami, mwanangu,

Nimekusikia ukilifunga sanduku, ukalifungua, ukalifunga tena. Unahakikisha kama vyeti umeviweka. Umeviweka, nilikuona. Mchana uliniuliza gari ni la saa ngapi, nikakuambia, ukarudi tena kunirudishia maneno yangu neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza aliyetumwa dukani. Barua hii inahusu tabia hiyo, na mtu aliyekupa tabia hiyo.

Habari za blanketi na baridi ya Kericho utaambiwa na wengine. Mimi nina jambo moja tu, na pumzi ya kulisema kwa mdomo sina. Hata ningekuwa nayo nisingelisema. Ningeanza kukohoa mahali panaponifaa, nawe ungekimbilia maji, tukaishia hapo. Wiki hii nimeshafanya hivyo, na si mara moja.

Jambo lenyewe ni hili. Masikio yako ni mazima. Kichwa chako ni kizima. Siku ile ya lebo ya Zuhura uliniuliza, na mimi nilikujibu. Ulikumbuka sawasawa. Mimi ndiye niliyekufanya uamini kwamba hukuuliza.

Usiitupe karatasi hii bado. Nataka ujue lilivyofanyika, kwa sababu ukijua nusu utaanza kunitafutia sababu nzuri, na sababu nzuri haikuwepo.

Unajua nilivyoacha ualimu. Nilichoka kufundisha hesabu wasichana waliokuwa wakingoja kengele, nikanunua ile mashine kuukuu ya kuchapa na kufungua duka nyuma ya soko. Kadi za harusi, risiti, vitabu vya kanisa, mabango ya mazishi. Kazi ilikuwa yangu na jina lilikuwa langu. Watu waliniita Mwalimu hata nilipokuwa na wino mpaka kwenye viwiko, na nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyowahi kukuonyesha. Kisha tukanunua kompyuta, na wewe uliyekuwa umetoka shule juzi ukakaa mbele yake, ukaishinda mchana mmoja. Mimi nilikuwa bado natafuta mahali pa kuiwashia. Ulipoanza kuchora lebo, wateja waliacha kunitazama. Walikuwa wanapita kwenye kaunta yangu wakisema, "Mwalimu, habari, msichana yuko?" Nikijibu yuko, wanapita.

Nilikuwa mama wa mtoto mwenye kipaji. Watu walidhani hiyo ni furaha. Mimi mwenyewe nilisema ni furaha, kanisani, nikiwa nimesimama.

Zuhura alikuwa rafiki yangu wa pekee mjini ambaye hakuniita Mwalimu. Aliniita Mama Wairimu. Alikuwa akikaanga na kusaga viungo vya pilau pale Majengo, nyumbani kwake, na harufu ilikuwa inakaa kwenye nguo zake hata akija kutuona siku ya Idi na sahani amezifunika kitambaa. Ulikuwa ukimwita Anti. Alipopata nafasi ya kuuza kwenye supamaketi moja kubwa ya Nairobi, mimi ndiye aliyenijia kwanza. Alisema wamemwambia kila pakiti lazima iwe na ile mistari ya kusomwa na mashine kwenye kaunta ya kulipia. Wamempa namba zake. Je, tunaweza kuichora?

Wewe ulisema tunaweza. Hukuwa umewahi, lakini ulisema tunaweza, na ukaweza.

Alipokuja kuiona ile lebo kwenye kompyuta, Zuhura aliinama karibu na kioo chake. Unakumbuka alivyovua miwani akaifuta na ncha ya leso, akaivaa tena. Kisha akanigeukia mimi, si wewe, akasema, "Mama Wairimu, huyu mtoto unamficha hapa wa nini? Nipe mimi. Nimpeleke Nairobi asomee hii kazi. Karo iwe juu yangu."

Nilicheka. Nikamwambia mchukue, mradi umrudishe akiwa mzima. Nyote wawili mkacheka. Nilikuona ulivyoinama juu ya kompyuta ukijifanya unafanya kazi, ukiwa na tabasamu ambalo mimi sikuwahi kukupa, na hapo ndipo nilipomchukia Zuhura. Sijui kama nilikuchukia wewe. Nimelitafuta jibu kwa uaminifu, nikiwa kitandani sina kazi nyingine, na sijui.

Sasa sikiliza kitu ambacho hukuwahi kukijua. Kabla ya hapo, kulikuwa na mafunzo ya wachapaji Nairobi. Nilikuambia naenda mazishini Murang'a. Nilienda Nairobi, nikakaa kiti cha mbele. Tulifundishwa kila kitu kuhusu mistari ile: kwamba upande wake wa kushoto na wa kulia lazima uachwe mweupe, ama mashine haitajua pa kuanzia; kwamba haipunguzwi ovyo ili itoshee; kwamba haiwekwi mahali karatasi inapokunjwa. Na rangi. Ile mashine inarusha mwanga mwekundu. Mstari mweusi unaumeza ule mwanga, karatasi nyeupe inaurudisha, na mashine inajua tofauti. Lakini mstari mwekundu unaurudisha mwanga kama karatasi yenyewe. Jicho la mtu linaona mistari mizuri kabisa. Mashine haioni chochote. Yule aliyetufundisha alitugawia karatasi za peremende, zile nyekundu zinazopitisha mwanga, akasema, ukiwa na shaka weka hii juu ya kazi yako utazame. Kitakachopotea kwako kitapotea kwa mashine.

Nilirudi nyumbani na hayo yote, nikakuletea mkate, nikasema marehemu alizikwa vizuri. Sikukufundisha hata neno moja. Nilitaka pawe na kitu kimoja dukani ambacho wateja wangelazimika kuniuliza mimi. Ukijua jambo, Wairimu, lifundishe upesi, kabla hujaanza kulipenda kwa sababu ni lako peke yako. Likishakaa ndani yako namna hiyo linaoza, nawe huisikii harufu yake.

Zuhura alitaka lebo yake iwe na wino mmoja tu, mwekundu, kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa asubuhi, ulikuwa umevaa ile sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Ulisimamisha kazi ukageuka. Ulisema, "Mama, hii mistari inaweza kuwa nyekundu, ama ni lazima iwe nyeusi?"

Unaona? Uliuliza. Uliuliza swali lenyewe hasa, ambalo wachapaji wazima wa Nairobi hawakujua kuliuliza. Nilikuwa nahesabu karatasi. Sikuacha kuhesabu. Nikakujibu, "Nyekundu ni sawa. Inaonekana vizuri."

Ulipochapa nakala ya majaribio niliichukua, nikaingia nayo stoo, nikaifunika ile karatasi ya peremende. Ua ulilochora lilipotea. Jina la Zuhura lilipotea. Mistari yote ilipotea. Nilikuwa nimeshika karatasi tupu. Nilisimama pale kiasi cha kutosha kwa mtu yeyote kubadili nia, kisha nikatoka, nikampa Zuhura kalamu atie sahihi. Unajua desturi ya kazi yetu: mteja akishatia sahihi kwenye nakala ya majaribio, kosa lolote lililomo ni lake. Alitia sahihi akikusifu wewe. Mimi nikasema, haya, tuchape.

Nilikuwa nataka nini? Nilijiambia nataka afedheheke kidogo, ili aache habari za Nairobi, nawe uone kwamba kule si kwako. Nilijiambia ni pakiti chache tu, watazirudisha, tutachapa upya kwa wino mweusi na mimi nitakuwa nimewaokoa. Hilo la kuwaokoa ndilo nililolipenda zaidi. Lakini nilijua alikuwa ameshasaga mzigo mzima, na kwamba alikuwa ameacha wateja wake wa Majengo. Nilijua na nikachapa.

Yaliyotokea kule supamaketi uliyasikia kwa Zuhura mwenyewe, lakini ulikuwa unalia, pengine hukuyasikia yote. Keshia alipitisha pakiti, mashine ikanyamaza. Akapitisha tena. Akaanza kubonyeza namba kwa kidole, moja moja, huku foleni ikirefuka na watu wakiguna. Jumamosi moja ilitosha. Meneja aliamuru viungo vyote vitolewe kwenye rafu, akampigia simu Zuhura aje avichukue nyuma, penye mapipa. Alipouliza kosa ni nini, yule keshia kijana alipitisha pakiti mbele yake, akamwonyesha ile mistari myekundu, akamwambia, "Mama, kwa hii mashine bidhaa yako haipo." Wasaidizi wakacheka. Nafasi yake kwenye rafu akapewa mtu mwingine wiki ileile.

Alikuja dukani akiwa na pakiti moja mkononi. Hakupiga kelele. Aliiweka kwenye kaunta akauliza, "Nani alichagua mistari hii iwe nyekundu?"

Ningeweza kusema mimi. Ningeweza kusema sote, au hata kumwonyesha sahihi yake, jambo ambalo lingekuwa ukatili wa kawaida wa biashara. Nilikutazama wewe. Nikasema, "Nilimwambia aweke nyeusi. Huyu mtoto hasikii. Ana mawazo yake ya Nairobi."

Ulifungua mdomo. Ulisema, polepole, "Mama, si nilikuuliza?" Nami nikakujibu kwa ile sauti yangu ya darasani, sauti iliyowahi kumkojolesha msichana wa kidato cha pili, "Uliniuliza nini? Nilikuambia nyeusi. Nilisema mara mbili."

Na wewe, mwanangu, ukanitazama usoni ukitafuta. Nilikuona ukitafuta. Ukaona mama yako, ambaye hakuwahi kukosea hesabu. Ukasema, "Basi pengine ulisema, Mama. Sikusikia."

Nimefanya mambo mengine mabaya maishani. Hayo ninayaungama kwa kasisi na ninasahau. Hili la sauti yako ikisema "pengine" sijaweza kulisahau, wala sikulitubu. Nilifurahi. Ulikuwa umerudi kwangu.

Kilichofuata ndicho nilichodhani nitashindwa kukiandika, lakini naona mkono unaenda tu. Ulitaka kwenda kupimwa masikio. Ningeweza kukuambia acha. Nilikusindikiza. Tulikaa kwenye benchi pale kliniki, umeshika kadi yako, na nikakununulia soda. Daktari alipiga kile chuma chake kinacholia karibu na sikio lako, akakunong'oneza maneno ukayarudia, akasema huyu anasikia kuliko mimi. Watu hufurahi wakiambiwa hivyo. Wewe ulisawijika uso, kwa sababu kama si masikio, basi ni kichwa. Njiani uliniuliza kama katika ukoo wa baba yako kulikuwa na mtu aliyeugua akili. Nikakuambia shangazi yake mmoja alikuwa hivi hivi. Hakuwepo shangazi kama huyo, Wairimu. Nilimtunga tukiwa tunavuka barabara.

Baada ya hapo hukukaa tena mbele ya kompyuta. Ulifunga vifurushi, ulifagia, ulipeleka kazi kwa wateja. Kila nilichokuambia ulikirudia. Umesema bluu, Mama? Umesema kanisa la juu, Mama? Nami nilijibu ndiyo, ndiyo, nikala chakula ulichopika, nikalala usingizi mzuri. Naandika hili la usingizi kwa sababu ungependa kuamini kwamba niliteseka. Mateso yamekuja na huu ugonjwa, na yangekuja hata kama ningekuwa malaika.

Sasa unaenda Kericho kuwa karani wa stoo ya shule, mahali ambapo kila kitu kinaandikwa na hakuna anayekuuliza unakumbuka nini. Umesema ndiyo kazi unayoiweza. Uliposema hivyo, majirani walikupongeza.

Wiki iliyopita nilikuambia jirani ananipeleka hospitali. Alinipeleka Ruiru. Zuhura alihamia huko baada ya mambo yake kuharibika. Ana duka dogo Gatongora, chumba kimoja, anapima viungo kwa kijiko na kufunga kwenye vipande vya gazeti. Amezeeka. Nami pia, kwa hiyo tulichukua muda kutambuana. Nilikaa kwenye gunia, nikamwambia kila kitu kama nilivyokuambia hapa, ila la shangazi.

Hakuacha kupima. Alingoja mteja atoke. Kisha akasema, "Mama Wairimu, mimi nilijua."

Baada ya yale mambo alikuwa ameipeleka pakiti kwa mchapaji mwingine Nairobi. Yule mtu aliitazama akacheka, akamwambia, aliyekuchapia hii ama hajui kazi ama anakuchukia. Zuhura aliniambia alivyomjibu. "Nikamwambia mwalimu huyo anajua kazi."

Nilimuuliza kwa nini hakurudi kunitukana. Alisema alidhani ni sisi wawili. Alidhani wewe unajua, kwamba mama na binti tulikaa tukapanga, tukamchezea ule mchezo wa kulaumiana mbele yake. Ndiyo maana ile siku ulipomsalimia sokoni Ruiru alikupita kama nguzo ya stima, ukarudi nyumbani ukaingia chumbani na viatu. Basi ujue hesabu ilivyokaa. Mimi nilijua, Zuhura alijua, mchapaji mmoja wa Nairobi alijua. Aliyeibeba ni yule ambaye hakufanya lolote ila kuuliza swali zuri.

Nilipomwambia kwamba hukujua, alishika kichwa. Alisema, "Na ulimwacha mtoto hivyo?" Nikasema nilimwacha. Alifunga pakiti mbili tatu zilizokuwa hazina mteja. Halafu akaniambia ameanza tena. Kuna duka kubwa linafunguliwa upande wa Juja, kwa sababu ya wanafunzi, na wamekubali viungo vyake. Anatafuta mtu wa kumchorea lebo, na hataki mchapaji yeyote wa Thika. Akaniuliza, "Bado anachora?"

Wairimu, nilikuwa nimeenda kule kukiri. Nilikuwa nimeshakiri. Sikuwa na kitu kilichobaki cha kulinda, na mapafu haya hayanipi muda wa kukifaidi hata kama kingekuwepo. Mimi ndiye ninayekuona ukichora herufi kwa kidole kwenye unga kabla hujasonga ugali, herufi nzuri kuliko zote tulizowahi kununua, kisha unazifuta upesi nikiingia. Na nikamjibu, "Hapana. Mkono ulishapotea."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake. Zuhura akasema, "Basi," akarudi kwenye mizani.

Ndiyo maana naandika. Nilidhani nimeenda Ruiru kukurudishia ulichokuwa nacho, na nikakunyang'anya mara ya pili, nikiwa na akili zangu timamu na tasbihi mfukoni. Kama ningebaki kimya leo, ungeondoka ukiniheshimu, ungerudi kunizika, ungelia sana. Nililipima hilo. Nilitamani hayo machozi. Nimekaa na kalamu hii tangu chai, nikiyatamani.

Usinisamehe haraka. Ukinisamehe haraka nitajua bado unanisikiliza. Na mtu akikuambia Kericho kwamba alisema kitu ambacho hukukisikia, mwambie hakukisema. Mara chache utakosea. Si kitu, wengine hukosea kila siku na wanaitwa walimu.

Barua hii jirani atakupa ukiwa umeshaketi garini, ili nisiuone uso wako. Huo ni woga, najua. Gari likitoka Thika litafika Ruiru mapema, kabla hujamaliza kusoma, kwa jinsi unavyorudia kila neno. Gatongora si mbali na barabara. Uliza mama wa viungo, hakuna asiyemjua. Yeye anaamini mkono wako umekufa kwa sababu mimi nilimwambia, nami sitatuma mtu kumsahihisha. Nikituma mtu nitamtuma na uongo mwingine. Najijua sasa.

Shuka Ruiru, ama usishuke. Lakini ukishuka, usimwambie Zuhura kwamba mama yako ndiye aliyekutuma. Sikukutuma. Mimi nilikuwa nimepanga upite Ruiru ukiwa bado unasoma.

Aliyekuzaa,
Mama